Kabla hujamlipa fundi ‘gesi’ ya kiyoyozi

KASKAZI inapoanza kuvuma kule Mombasa, mafundi wa viyoyozi huwa hawashikiki. Utampigia mmoja simu akuahidi kuja Jumanne, atokee Ijumaa, aguse bomba, atikise kichwa na kusema, “Gesi imekwisha.” Utalipa, chumba kitapoa miezi michache, na mwaka ujao wimbo utakuwa ule ule.

Mpenzi msomaji, gesi ya kiyoyozi haiishi kama petroli ya gari wala kama mtungi wa jikoni. Huzunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa kabisa. Chumbani hugeuka mvuke na kulivuta joto lako. Kompresa iliyoko nje nayo huishindilia mpaka iliteme joto hilo na kurudi kuwa majimaji. Mashine iliyofungwa vyema yaweza kufanya kazi miaka mingi na gesi ile ile iliyojazwa mwanzoni. Ikipungua, basi pana mahali inapovuja, aghalabu kwenye maungio ya bomba au kwenye koili iliyoliwa na chumvi ya bahari.

Kwa hivyo mwulize fundi, “Inavuja wapi?” Fundi wa kweli atapaka povu la sabuni kwenye maungio aone viputo, atatafuta doa la mafuta, alizibe tundu, afyonze hewa na unyevu wote kwa pampu, ndipo atie gesi. Anayekuja na mtungi peke yake anakuuzia upepo.

Mwulize pia ametia gesi gani. Jina lake huandikwa kwenye kibandiko cha sehemu ya nje. Mashine za zamani hutumia R-22, ambayo huharibu tabaka la ozoni na inaondolewa sokoni hatua kwa hatua chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Nyingi za kisasa hutumia R-410A au R-32. Gesi hizi hazichanganywi, na R-32 yaweza kushika moto. Fundi anayevuta sigara huku akifungua bomba hilo, mwonyeshe mlango.

Lakini hata kabla ya kumwita mtu, fungua kifuniko cha mashine ya chumbani uyatazame machujio. Utashangaa! Vumbi la barabara, manyoya ya paka na nyuzi za mablanketi hukaa pale kama zulia. Yaoshe kwa maji na sabuni kidogo, yakauke kivulini, uyarudishe. Msimu wa joto fanya hivyo kila wiki mbili. Kazi hiyo mtoto wa darasa la saba anaiweza, mradi stima imezimwa.

Chujio likiziba, koili hukosa hewa na yaweza kuganda barafu, na hapo watu husema mara moja kwamba gesi imekwisha. Usiikwangue barafu kwa kisu. Zima ubaridi, acha feni peke yake izunguke hadi barafu iyeyuke, kisha uwashe tena. Barafu ikirudi ilhali chujio ni safi, sasa hoja ya uvujaji ina mashiko.

Maji yakidondoka ukutani, shida si gesi wala mvua. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, nao hugeuka maji kwenye koili na kutoka kupitia mpira mwembamba. Ute na uchafu huuziba. Uzibue kwa kuufyonza kutoka upande wa nje, maana ukuta uliolowa huota kuvu, na kuvu si jirani mwema wa mtoto mwenye pumu.

Sehemu ya nje nayo yataka nafasi ya kupumua. Wengine huianikia nguo au kuijengea kijumba kwa kuogopa wezi, halafu joto hukosa pa kwenda na bili ya stima hupanda. Zima swichi kuu, uisuuze taratibu ili kuondoa chumvi. Angalia maji unayotumia: visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi, na ukiyatumia hayo utakuwa unaiongezea mashine ugonjwa ule ule unaotaka kuuponya.

Stima ikikatika na kurudi, ngoja dakika tano hivi kabla ya kuwasha, ama ununue kifaa cha kulinda mashine na stima inayopanda na kushuka. Ni rahisi kuliko kompresa.

Na endapo mashine ya nje inanguruma bila feni kuzunguka, huenda kapasita imekufa. Hapo weka bisibisi chini. Kapasita huhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa, na umeme huo waweza kukurusha kutoka kwenye ngazi. Kazi hii ndiyo ya kumlipa fundi, na kapasita ni kifaa cha bei nafuu. Akikutajia bei ya kompresa nzima, mwambie kwanza aipime kapasita ukiwa umesimama hapo hapo.