Kompyuta ya dola 5? Pigeni hesabu kwanza

Wadau, mnaikumbuka hii? Mwaka 2015 Waingereza walitoa Raspberry Pi Zero, kompyuta ya dola 5 wakati huo, na jarida la MagPi la Desemba 2015 lilikuja nayo bure kwenye jalada! Wapenzi wa vifaa hivi walipagawa. Kuna jamaa alidai eti mwanafunzi hana kisingizio tena. Hapo namkatalia. Dola 5 ilikuwa ya ubao mtupu: haukuwa na Wi-Fi, na tundu la kuchomekea vifaa lilikuwa moja tu, dogo. Ongeza memori kadi, chaja, adapta, kibodi na skrini uone! Mwenye makorokoro hayo ndani alifaidi. Dogo asiye na kitu ilikuwa bora ajichange achukue Pi 2, iliyokuwa ya dola 35 mwaka 2015, ikiwa na matundu manne ya USB. Au nakosea? Tiririka hapo chini.