Wasee wa tech wa Thika Road, mmewahi kuripoti nini?

Leo naongea na nyinyi mliojiandika "techie" kwa bio. Wa Thika, wa Juja, wa Ruiru, kutoka Makongeni hadi Kimbo. Mnasemanga Linux ni takataka kwa sababu tachipadi "haishiki". Mnajaribu siku mbili, mnaitukana, mnarudi kwa Windows ya wizi na maisha inaendelea. Mimi nasema shida si Linux. Shida ni sisi: tunapenda kula, lakini kuosha hata sahani moja hatutaki.

Kuna kitu unakitumia na pengine hujui jina lake. Inaitwa libinput. Kidole chako kikigusa tachipadi, kompyuta haijui unataka nini. Kerneli inapokea namba tu: kitu kimegusa hapa, kimesonga hadi pale. libinput ndiyo inaamua maana. Huyu anasongesha mshale. Huyu ameweka vidole viwili, anaskroli. Hiki si kidole, ni kiganja kimelala hapo mtu akitaipu, kipuuzwe. Ukitumia GNOME ama KDE juu ya Wayland, kila mguso unapitia hapo: mausi, kibodi, skrini ya kugusa, zote.

Jonas Ådahl aliianzisha kwa kutoa kodi ndani ya mradi wa Weston. Toleo la 1.0 lilitoka 2015. Kwa miaka mingi anayebeba mzigo mkubwa ni Peter Hutterer, mtu wa Red Hat anayeishi Australia. Leseni yake ni MIT, yaani chukua, tumia, badilisha, hata uuze. Hakuna mtu atakuuliza.

"Sasa hiyo inanihusu aje?" Inakuhusu kwa mfuko. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, karibu kila prosesa iliyo chini ya kizazi cha 8 imeachwa nje. Hebu geuza laptopu yako usome stika. EliteBook ama ThinkPad ya ex-UK, si ndio? Ya kizazi cha 4, cha 5, cha 6? Hizo mashine ndizo zinalipa rent huku. Kuna anayeandika kazi za online usiku kucha, kuna anayeedit video za harusi, kuna mwenye cyber ya mashine nne. Mashine bado ni nzima kabisa, ni kampuni tu imeamua imezeeka. Linux ndiyo njia halali ya kuiweka hai bila kununua ingine. Lakini tachipadi ikisumbua, mtu atavumilia Linux siku ngapi? Mbili. Ndiyo maana hii libinput si mambo ya watu wa vitabu. Ni mambo ya rent.

Sasa tuje kwa malalamiko yenu. La kwanza: "Nagonga na haibofyi." Buda, hiyo imezimwa makusudi. Kwa tachipadi zenye vitufe, libinput huacha kubofya kwa kugonga ikiwa imezimwa, kwa sababu watu wengi hugonga bila kujua. Enda kwa settings uiwashe. Sekunde kumi. Umetukana mfumo mzima kwa sababu ya swichi.

La pili ni la haki: mshale unaruka, ama kiganja kinabofya vitu vyenyewe. Hapo kweli kuna shida, na mara nyingi mwenye makosa ni kiwanda. Kila kampuni hutengeneza tachipadi na vituko vyake. libinput ina folda ya faili za maandishi zinazoitwa quirks, za Lenovo kivyake, za HP kivyake, za Dell kivyake. Ndani kuna mistari michache ya kusema mashine fulani ina tabia fulani, ishughulikiwe hivi. ThinkPad X220 ya 2011, ile yenye firmware 8.1, ina alama yake maalum kwa sababu tachipadi yake ilikuwa kichwa ngumu. Unadhani hiyo alama ilianguka kutoka mbinguni? Kuna mtu alikuwa na hiyo mashine mezani, akasumbuliwa kama wewe, akasema.

Hiyo ndiyo point yangu yote. Mtu wa Australia hawezi kurekebisha laptopu asiyoiona. Hana yako. Wewe ndiye unayo. Usiposema, kwake hiyo shida haipo.

Na wanaokula kwa sababu ya ukimya wetu wako. Fundi mmoja hapa Thika aliniambia tachipadi yangu imekufa, nilete pesa ya ingine. Nikatumia `libinput debug-events`, nikaona kila mguso unasomwa vizuri kabisa. Hardware ilikuwa fiti, kilichohitajika ni settings tu. Ni wangapi wamelipia kipande ambacho hakikuwa kimeharibika? Na chuo nilichoacha kilitufundisha kukariri aina za vifaa vya kuingiza data: kibodi, mausi, skana. Tukaandika kwa mtihani. Hakuna siku tulionyeshwa jinsi ya kuripoti hitilafu kwa programu huria. Unamaliza digrii ya kompyuta ukiwa mteja tu.

Najua visingizio. "Sina bundles." Faili ya maandishi si sinema, hotspot ya simu inatosha. "Sijui kuprogramu." Hakuna aliyekuomba kodi. Weka libinput-tools kama uko Ubuntu, andika `sudo libinput record`, chagua tachipadi, fanya ile kitu inasumbua, simamisha. Yule wa mbali ataicheza upya kwake kana kwamba kidole chako kiko hapo. "Wataona paswadi yangu." Ukirekodi kibodi, herufi hufichwa isipokuwa uombe zionyeshwe. "Kizungu changu ni kibovu." Andika jina la mashine, ulichofanya, ulichotarajia, kilichotokea. Sentensi nne. Ipeleke GitLab ya freedesktop.org. "Wao wanalipwa." Hutterer analipwa, ndiyo. Hata daktari analipwa, lakini usipomwambia unaumwa wapi atatibu nini?

Na msiniambie eti hawa watu hawatujali. Libinput ikishasoma kibodi, kuna mkusanyiko mwingine unaosema kila kitufe ni herufi gani, unaitwa xkeyboard-config. Ndani yake kuna kibodi ya Kiswahili ya Kenya na, ndiyo, kibodi ya Gĩkũyũ. Iko ndani ya Linux yako tayari. Zile ĩ na ũ ambazo huku Kiambu tunaziruka kila siku kana kwamba hazipo, kuna mtu alikaa chini akaziwekea mahali. Hiyo kazi haikusubiri serikali wala hackathon ya kugawa tisheti.

Kwa hivyo acheni kujiita techie kwa sababu mna stika kwa kifuniko cha laptopu. Wiki hii, shida moja, ripoti moja, mashine moja ya ex-UK. Ukifanya hivyo, mtoto wa Kiganjo atakayenunua hiyo hiyo mwaka ujao ataweka Linux na tachipadi itashika mara ya kwanza. Hatajua jina lako. Ni sawa tu, hata wewe ulikuwa hujui la Hutterer.

Mkimaliza kunitusi, fungueni terminali.