Mkono wa Fundi Si Kipimo cha Hedi

Peleka Corolla iliyochemsha gereji za Dar es Salaam, utaambiwa kwamba kufunga hedi ni kazi ya uzoefu: fundi aliyekomaa hana haja ya toki renchi, mkono wake unajua bolti imefika. Wateja wanaliamini hilo, tena wanalisifia. Mimi nalipinga, kwa sababu ndilo linalorudisha magari gereji yakiwa na maji ndani ya oili, muda mfupi baada ya hedi kukwanguliwa kwa pesa ya kuungaunga. Yakirudi, lawama inaangukia gasketi: ilikuwa feki. Gasketi feki zipo, sikatai. Lakini hata gasketi halali huungua ikibanwa zaidi upande mmoja kuliko mwingine.

Mkono unapima nini hasa? Unapima ugumu wa kuzungusha, na karibu ugumu wote huo ni msuguano wa meno ya bolti na wa kichwa chake. Kinachobaki kuibana hedi ni kama sehemu moja kwa kumi. Meno yakiwa na kutu, bolti itakaza mkononi na hedi bado haijabanwa. Tundu likiwa limebaki na oili au maji, bolti inaweza kupasua bloku.

Ndiyo maana kwa injini za Corolla za 4A-FE na 5A-FE, Toyota hawakuridhika hata na toki renchi peke yake. Bolti 10 hukazwa kwa awamu, kuanzia katikati kwenda pembeni, hadi Nm 29. Kisha kila bolti hutiwa alama ya rangi upande wa mbele, huzungushwa digrii 90, halafu 90 nyingine, mpaka alama itazame nyuma. Tone la rangi! Nani atasema hilo ni ghali?

Watetezi wa mkono hutaja wazee waliofunga hedi bila vipimo na magari yakadumu. Hedi nyingi za wakati huo zilikuwa chuma juu ya chuma, zikitanuka pamoja na bloku. Hii ya leo ni alumini, hutanuka karibu mara mbili ya bloku iliyoibeba, na kupinda kunakovumiliwa ni milimita 0.05 tu.

Kwenye taiming, imani hiyohiyo imehamia sikioni. Fundi anawasha, anageuza distribyuta mpaka mngurumo umpendeze. Asipounganisha kwanza pini za TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi, kompyuta inaendelea kusogeza taiming yenyewe, naye anarekebisha kitu kisichotulia. Kipimo ni digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, mafuta hayajakanyagwa, na huonekana kwa taa ya taiming. Ikitangulia mno, injini inagonga na kuitesa gasketi uliyoinunua jana.

Toki renchi moja mafundi wa kiwanja kizima wanaweza kuichangia. Mteja naye asimame aone bolti zikipimwa. Aone pia krenki ikizungushwa kwa spana mizunguko miwili kamili, na alama za puli na za kemu zikirudi mahali pake, kabla ya mtu yeyote kugusa swichi. Fundi akikataa kuyafanya hayo mbele yako, chukua gari lako umpelekee mwingine.