PS Si Kamari: Angalia Mkono Kwanza

Leo naongea na mzazi, na chifu, na wewe uliyeambiwa ati base ya PlayStation na mashine ya kamari ni mama mmoja baba mmoja. Zii. Ukitaka kuzitofautisha, wacha kuangalia skrini. Angalia mkono wa mchezaji unafanya kazi gani.

Hii kesi ni ya zamani kutuliko. Mwaka 1942, jiji la New York lilipiga marufuku mashine za pinboli. Ulikuwa unaingiza sarafu, unarusha mpira wa chuma, halafu unaomba Mungu uangukie pazuri. Kwa jiji, hiyo ilikuwa kamari tu. Mwaka 1947 kampuni ya Gottlieb ikatoa Humpty Dumpty, pinboli yenye flipa za umeme: vile vipigo vinavyorudisha mpira juu ukibonyeza kitufe. Sasa mchezaji alikuwa na mkono ndani ya gemu. Lakini marufuku haikuondoka hadi 1976, jamaa anaitwa Roger Sharpe alipocheza mbele ya madiwani. Alitaja njia mpira utapita, akaurusha, na ukapita hapo hapo.

Tangu flipa, mkono umezidi kupewa kazi. Pong ya 1972 ilikuwa na kinobu cha kuzungusha tu. Mwaka 1976 ikaja Fairchild Channel F, na mhandisi Mmarekani Mweusi, Jerry Lawson, ndiye aliyeongoza kazi hiyo. Kontrola yake unaisukuma, unaivuta, unaizungusha. Mwaka 1982 Gunpei Yokoi wa Nintendo akaweka ule msalaba wa kidole gumba kwa Donkey Kong ya mkononi. Street Fighter II ya 1991 ikaja na joistiki na vitufe sita. Na 1997 Sony ikatoa DualShock yenye vijiti viwili, babake hiyo kontrola unaishika leo ukiwa Litein, Silibwet ama Kericho town.

Sasa weka hiyo historia kando ya zile mashine za kamari zilizojaa vijijini hadi polisi wakawa wanazikusanya na kuzichoma. Ingiza mbao. Bonyeza. Subiri. Mtoe bingwa wa dunia, mlete mbuzi abonyeze na kwato, matokeo hayabadiliki. Na ule mchezo wa ndege kwa simu? Kitufe kimoja cha kutoa pesa, na ndege inapotea wakati kompyuta imeamua. Mazoezi ya mwaka mzima hayakusaidii kuijua hiyo sekunde.

Sisi watu wa majani chai tunafaa kuelewa hii haraka kuliko wengine. Huku mkono ni mshahara. Mchumaji analipwa kwa kilo, na mwenye mkono mwepesi anajulikana shamba nzima. Hakuna mtu huku anaweza kukuambia ujuzi na bahati ni kitu kimoja.

Sisemi base zetu ni kanisa. Kuna mtoto wa uniform ndani saa nne asubuhi. Kuna wasee wanawekeana pesa, na hapo kontrola haikuokoi: ukipoteza fare, umepoteza fare. Kwa hivyo mwenye base, andika kwa ukuta na umaanishe: hakuna uniform, hakuna kuwekeana, saa za shule mlango umefungwa.

Lakini chifu, ukikuja na msako, tafadhali usibebe PS kwa gari moja na mashine za kamari. Ukifunga base, kijana harudi nyumbani kusoma Kemia. Anakaa chini ya mti na simu, kidole kimoja kwa kitufe kimoja, peke yake, na hakuna mtu anamwona akipoteza. Kwa base angalau kuna wasee kumi wanamcheka akifungwa tano bila, na kesho anarudi akiwa amejifunza kukaba.

Bonus ya chai ikiingia, fanya hesabu yako. Pesa iliyoenda kwa gemu ya mkono, na iliyoenda kwa kitufe. Ni gani ilikula nyingi kwenu? Niambie ukweli hapo chini.