ZIARA YA NAIROBI: TUSIENDE KUHESABU GHOROFA

Wahenga walinena kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi. Leo nataka kuwaongezea wahenga neno moja, wasinikasirikie: kutembea kwingi bila kuuliza ni kuona kuta tu. Nayasema haya kwa sababu muhula uliopita chama chetu kilizuru jiji la Nairobi, na kwa wengi wetu, mimi nikiwamo, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulikanyaga. Tangu turudi, bwenini hakuna hadithi nyingine. Ni ghorofa, magari, chipsi, kisha ghorofa tena. Maoni yangu ni kwamba ziara ile ilikuwa nzuri, lakini mwakani inaweza kuwa na faida mara tatu zaidi tukibadilisha mambo machache.

Ndugu msomaji, jiji lile linashangaza, usidanganywe. Tuliabiri basi alfajiri na mapema, tukapita Karatina wenye soko wakipanga bidhaa zao, tukateremka Sagana ambako joto lilitulazimu kuvua sweta, kisha Makutano. Tulipoingia barabara ya Thika, ile pana iliyofunguliwa rasmi mwaka wa 2012, macho yalitutoka pima. Mahali pengine magari yanakwenda kwa mistari minne upande mmoja na minne upande wa pili. Wee! Kwetu Nyeri gari moja likisimama vibaya karibu na steji, mji mzima unajua.

Tulipanda jumba la mikutano la KICC. Jumba hilo lilikamilika mwaka wa 1973, lina ghorofa 28 na urefu wa mita 105 hivi. Siku hizi si refu kuliko yote Nairobi, kwani kuna majumba mengine yaliyolipita, lakini ukiwa juu yake upepo unakupiga na watu chini wanaonekana kama siafu. Mwelekezi alituambia kwamba anga likiwa safi, Mlima Kenya huonekana kutoka pale. Basi sote tukakimbilia upande wa kaskazini. Mawingu yalikuwa yametanda, hatukuona kitu. Mwenzangu mmoja akasema, "Jameni, tumekuja mbali hivi kutafuta mlima ambao tunauona kila asubuhi tukipiga mswaki?" Tulicheka hadi mbavu zikauma.

Baada ya kicheko hicho niliona jambo lililonisumbua. Wengi wetu tulipokuwa mjini hatukuuliza maswali. Sababu si ukosefu wa hamu, ni hofu ya kuitwa washamba. Mtu anapita mbele ya jengo asilolijua, anatazama mbele kama aliyezaliwa pale, kisha akirudi shuleni anajigamba kwamba analifahamu jiji kama kiganja cha mkono wake. Mimi naona mshamba si yule anayeuliza. Mshamba ni yule aliyelipa nauli akaenda kilomita 150 na kurudi bila kujua alichokiona. Kuuliza si ujinga.

Chukua mfano wa sanamu ya Dedan Kimathi. Imesimama katika barabara yenye jina lake, karibu na lile jumba la mviringo lililokuwa hoteli ya Hilton hadi lilipofungwa mwisho wa mwaka wa 2022. Amevaa mavazi ya vita, mkono mmoja bunduki, mkono wa pili kisu. Wenzangu walipiga picha moja moja, wakaondoka mbio. Mimi nilimwendea mzee mmoja aliyekuwa akiuza magazeti hapo kando.

"Habari yako, mzee. Samahani, watu wakifika hapa huwa wanakuuliza nini?"

"Kijana wangu, hawaulizi kitu. Wanapiga picha, wanaenda zao. Kwani nyinyi mmetoka wapi?"

"Tumetoka Nyeri, mzee."

"Nyeri! Ati Nyeri! Basi nyinyi ndio mngefaa kunieleza mimi habari za huyu."

Maneno ya mzee yule yalikuwa mazito kuliko mhadhara. Kimathi alizaliwa kwetu. Alikamatwa kwetu, Tetu, tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa papa hapa Nyeri, kisha akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Sanamu ile ilizinduliwa na Rais Mwai Kibaki, ambaye pia alikuwa mtu wa Nyeri kule Othaya, tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa kwake. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliaga dunia mwaka wa 2023 bila kupewa mabaki ya mumewe ayazike.

Sasa linganisha. Hapa mjini Nyeri kuna kaburi la Mwingereza Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyefariki mwaka wa 1941. Kaburi hilo linatunzwa vizuri, na wageni husafiri kutoka nchi za mbali kulizuru. Sina ubaya na maskauti, wapo humu shuleni na ni marafiki zangu. Hata hivyo, mgeni akija Nyeri anaonyeshwa kaburi la Baden-Powell, na mtu wa Nyeri akienda Nairobi anaonyeshwa sanamu ya Kimathi asiye na kaburi linalojulikana. Mwanafunzi anayepiga picha na kukimbia hawezi kuliona jambo hili. Anayeuliza ataliona, na usiku hatalala upesi.

Mfano wa pili ni bustani ya Uhuru Park. Tuliipita kwa basi, na wengine walikuwa wakibishana kuhusu mpira. Pale ndipo mwaka wa 1989 palipotakiwa kujengwa jumba la ghorofa 60. Aliyesimama kidete kupinga mpango huo ni Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri. Alitukanwa, akadharauliwa, lakini hakurudi nyuma na jumba halikujengwa. Mwaka wa 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kutunukiwa tuzo ya Nobel ya amani. Kwa hiyo miti ile tuliyoipita tukibishana ipo kwa sababu ya binti wa kijiji kisicho mbali na hapa. Wasichana wa chama hiki, je, hamwoni kwamba hiyo ni hadithi yenu?

Isitoshe, kuna bustani ya kumbukumbu ya tarehe 7 Agosti 1998, mahali ambapo bomu lililolengwa ubalozi wa Marekani liliua zaidi ya watu 200. Majina yao yameandikwa ukutani. Hapo tulisoma majina kimya kimya, hata wale wapenda mzaha. Tulikaa pale dakika ishirini tu. Katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, jengo ambalo zamani lilikuwa benki, na ambamo kuna mkusanyiko wa sanaa wa marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka wa 1966, tulikaa nusu saa. Lakini katika duka moja kubwa la kifahari tulikaa saa mbili na nusu, tukipanda na kushuka ngazi za umeme kama watoto kwenye bembea. Soda niliyoinunua humo bei yake ingetosha soda mbili hapa, na chenji juu!

Najua kuna watakaosema, "Ebu tuachie raha zetu. Mwaka mzima ni vitabu, siku moja ya kupumua nayo unataka itutoe jasho?" Hoja hiyo ina uzito. Mimi pia nilizifurahia zile ngazi. Isitoshe, kuna wenzetu ambao huenda wasipate nafasi nyingine ya kwenda Nairobi hadi wamalize shule. Lakini hao ndio ninaowatetea! Wazazi wao waliuza maziwa na majani chai wakalipa nauli. Mzazi akiuliza, "Umeona nini?" je, mtoto amjibu kwamba ameona ngazi zinazotembea zenyewe?

Kwa hivyo napendekeza mambo manne kwa unyenyekevu. Kwanza, wiki mbili kabla ya ziara, kila mwanachama apewe mahali pamoja pa kusoma habari zake, na tukifika pale yeye ndiye awe mwelekezi wetu, tena kwa Kiswahili. Pili, saa za dukani zipunguzwe ziwe moja, na saa iliyobaki iongezwe kwenye nyaraka na makumbusho. Tatu, kila mtu arudi na maswali matatu aliyomwuliza mkaazi wa jiji na majibu aliyopewa. Tusiogope Kiswahili chetu chenye lafudhi ya mlimani. Mzee wa magazeti alinielewa vizuri sana. Nne, kabla ya kwenda Nairobi tuanze na ziara ya Nyeri yenyewe, kwa miguu, Jumamosi moja. Hiyo haihitaji nauli, inahitaji viatu tu. Walimu wetu wapendwa, tunaomba mtuunge mkono.

Shime wanachama! Jiji si la kuogopwa wala si la kuabudiwa. Mwakani tukifika pale kwenye sanamu na mzee wa magazeti akatuomba tumweleze habari za Kimathi, nataka sote tuwe na la kumwambia, tena tushindane nani aanze.