Sponji za Studio: Soko Lipo, Ila Tusiuze Moto

Wauza magodoro wa Kariakoo na mafundi makochi wa Magomeni wanayo mkononi bidhaa ambayo wengi wao hawajaitia hesabuni. Ni sponji ya meno, ile inayobandikwa ukutani ili kunyonya sauti. Tangu redio za watu binafsi zilipoanza nchini mwaka 1994, studio za utangazaji na za muziki zimeongezeka jijini, na kila moja inahitaji ukuta usiorudisha mwangwi. Safu hii inaiona biashara hiyo kuwa nzuri, kwa masharti mawili.

Kwanza faida yake. Bonge la sponji likikatwa katikati kwa mkato wa zigizaga hutoa vipande viwili vyenye meno, kwa kuwa meno ya kipande kimoja ndiyo mapengo ya kingine. Mabaki ni kidogo. Kazi hii haidai kiwanda; inadai kisu kirefu chenye makali, kiolezo cha mbao na mkono uliotulia.

Sharti la kwanza ni kumwambia mteja ukweli. Sponji hupunguza mwangwi ndani ya chumba; haizuii kelele kutoka nje wala kwenda kwa jirani. Kazi hiyo ni ya ukuta mzito na mlango usiopitisha hewa. Mwenye baa anayebanwa na Kanuni za Kelele na Mitetemo za mwaka 2015 akiuziwa sponji kama dawa, atarudi kudai fedha zake, na atakuwa na haki.

Urefu wa jino nao una hesabu. Wataalamu wa vyumba visivyo na mwangwi, kama Leo Beranek wa Chuo Kikuu cha Harvard miaka ya 1940, walitaka jino lifikie robo ya urefu wa wimbi la sauti. Jino la mita 1 humeza karibu sauti yote kuanzia mitetemo 85 kwa sekunde. Jino la inchi 4 huanzia kama 850. Kwa hiyo sponji nyembamba humfaa msomaji wa habari. Besi ya muziki itaendelea kuvuma. Na sponji yenyewe ijaribiwe kwa mdomo: puliza, pumzi isipopita, sauti nayo haitanyonywa.

Sharti la pili ni moto, na hapa hatuna mzaha. Sponji ya godoro huwaka upesi na moshi wake ni sumu. Mwaka 2003 watu 100 walikufa katika klabu ya The Station huko Rhode Island, Marekani, baada ya fataki kuwasha sponji ya ukutani. Mwaka 2013, klabu ya Kiss nchini Brazil ilipoteza watu 242 kwa njia hiyo hiyo.

Ushauri wetu kwa mwenye mtaji mdogo ni huu: usijaze stoo. Kata kwa oda, chukua malipo ya awali, na mdai mwenye kiwanda hati ya kipimo cha moto kabla ya kulipia bonge. Hati isipokuwepo, sponji hiyo ibaki kwenye makochi. Kwa kumbi za watu wengi, nyuzi za kioo zilizofunikwa kitambaa kisichoshika moto ni salama zaidi, ingawa bei yake iko juu. Mteja akilalamikia bei, mtajie Rhode Island.