Ekari ya Pangani kwenye mizania: haki ya nani?

Anayetafuta kiwanja Pangani ya Kibaha, siyo ile ya Tanga, hukutana na bei nyingi kabla hajamwona mwenye shamba. Dalali wa kijiweni ana bei yake, na hupanda kila gari zuri linaposimama. Mwenye shamba naye ana yake. Benki ikiombwa mkopo kwa dhamana ya eneo hilo hilo hutuma mthamini, naye huandika bei mbili kwa mpigo: ya soko, na ya kuuza haraka mdaiwa akishindwa kulipa. Serikali ikilitaka eneo kwa ajili ya barabara au reli, mthamini wake huja na jedwali la fidia, na hapo hupatikana bei ya tano.

Kwa mkulima wa mihogo bei hizo tano ni kelele za mtaani tu. Mtu anayepaswa kukosa usingizi ni yule aliyenunua hisa za kampuni yenye ekari kama hiyo katika mali zake. Ndani ya kitabu cha taarifa ya mwaka kelele zote hizo hufutika, ikabaki tarakimu moja, iliyopigwa mhuri wa mkaguzi, chini ya jina tamu la "thamani ya haki".

Jina hilo si geni tena nchini. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) ilipokea viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha kuanzia Julai 2004. Kanuni za kupima thamani ya haki, ambazo awali zilikuwa zimetawanyika huku na huko, zilikusanywa katika kiwango kimoja, IFRS 13, kilichoanza kutumika Januari 1, 2013. Kwa mujibu wa kiwango hicho, thamani ya haki ni bei ambayo kampuni ingepokea kwa kuuza mali, au ingelipa kwa kuhamishia deni kwa mwingine, siku ile ya kufunga mahesabu, katika biashara ya kawaida isiyo ya kulazimishwa. Bei iliyonunuliwa mwaka juzi haimo, wala gharama ya kununua upya. Ni bei ya kutokea mlangoni.

Tatizo ni kwamba mara nyingi mlangoni hakuna mtu.

Kiwango chenyewe kinakiri hilo, ndiyo maana kimegawa vipimo katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni bei inayosomwa moja kwa moja kwenye soko lenye uhai, kwa kitu kile kile. Hisa inayouzwa kila siku kwa wingi Dar es Salaam huingia hapo. Inayokaa siku nyingi bila mkono hata mmoja kuigusa haina sifa hiyo, ingawa ubaoni ina bei. Na tangu soko letu lianze kuuza hisa mwaka 1998, kampuni ya kwanza ikiwa TOL, kaunta za namna hiyo hazijawahi kukosekana.

Ngazi ya pili hutumia bei au riba zinazoonekana sokoni kwa vitu vinavyofanana. Mfano mzuri ni hatifungani za serikali. Ile ya miaka 25 iliyoanza kuuzwa mwaka 2021 ilibeba riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya za muda huo ilishushwa hadi asilimia 12.56, na walioshika zile za awali wakajikuta na mali inayotafutwa. Hapo hesabu si ya ramli. Mtu yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuirudia.

Ngazi ya tatu ndiyo yenye Pangani ndani yake. Huku hakuna bei inayoonekana, kwa hiyo mthamini hukisia: mapato yajayo, riba ya kuyapunguzia, viwanja vya jirani ambavyo bei zake kaambiwa kwa mdomo. Kila mnunuzi wa ardhi nchini anajua kwamba bei iliyoandikwa kwenye hati ya mauziano na fedha zilizohesabiwa mezani si lazima zilingane, maana kodi nazo zina masikio. Mthamini hana budi kujenga juu ya msingi huo huo.

Kuna na sharti lingine ambalo wasomaji wengi wa mahesabu hulipita. Ardhi hupimwa kwa matumizi yake yaliyo bora zaidi kwa mnunuzi yeyote, hata kama kampuni haina mpango huo, mradi yawezekane kwa ardhi yenyewe, yaruhusiwe kisheria na yalipe. Shamba la mikorosho lililo karibu na Barabara ya Morogoro laweza basi kupimwa kama viwanja vya makazi au eneo la viwanda. Tangu reli ya kisasa ianze kubeba abiria mwaka 2024 na kituo kimojawapo kikawa Soga, na kwa kuwa kuna bandari kavu Kwala, hoja ya matumizi bora katika Kibaha haihitaji ufasaha. Mikorosho ni ile ile. Tarakimu ndiyo imehama mjini.

Chukua mfano wa kampuni ya kubuni iliyonunua shamba kwa sh. milioni 200, na leo mthamini anasema ni sh. milioni 900. Faida ya biashara yake ya mwaka ni sh. milioni 150. Kama wakurugenzi wanasema shamba limewekwa ili lipande bei, na wamechagua kulipima kwa thamani ya haki, ongezeko la milioni 700 huingia moja kwa moja kwenye faida: kampuni inatangaza sh. milioni 850. Kama wanasema ni eneo la kiwanda chao na wamechagua kulithamini upya, ongezeko huenda kwenye akiba ya uthamini, na faida hubaki milioni 150. Kama wanasema watalikata viwanja na kuviuza, shamba ni bidhaa ya dukani. Hubaki kwa gharama yake na faida husubiri mteja. Shamba moja, mwaka mmoja, majibu matatu, na yote matatu halali. Kilichotofautiana ni nia iliyotamkwa kwenye chumba cha mkutano.

Aliyenunua hisa kwa kusoma kichwa cha habari cha "faida yapanda" hana habari kwamba milioni 700 kati ya hizo haziwezi kununua hata pipa la dizeli. Mthamini akibadili mawazo mwakani zitaondoka kama zilivyokuja, bila hodi.

Hoja hii ina kaburi lake, na liko jirani tu, Kisarawe. Mwaka 2009 kampuni ya Sun Biofuels, yenye asili ya Uingereza, ilipata hekta 8,211, yaani zaidi ya ekari 20,000, kwa miaka 99, ili kulima mbono kaburi wa kukamua mafuta ya mitambo. Ardhi hiyo ilitoka katika vijiji zaidi ya kumi. Mradi ulianza kutafutwa wakati mafuta ghafi yakipanda hadi kufikia dola 147 kwa pipa Julai 2008; kabla ya mwaka huo kwisha yalikuwa chini ya dola 40. Agosti 2011 kazi shambani zilisimama, kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, na mamia ya vibarua wakarudi makwao. Baadaye shamba liliuzwa kwa wengine.

Haisemwi hapa kwamba vitabu vya kampuni hiyo vilikuwa na kasoro. Kinachotazamwa ni kanuni. Tangu 2003 kiwango cha kilimo, IAS 41, kiliagiza mimea iliyo hai ipimwe kwa thamani ya haki, isipokuwa pale kipimo cha kuaminika kinapokosekana kabisa. Sasa, mbono kaburi wa Kisarawe ungeuzwa wapi? Mbegu zake ni sumu, hazilishwi mtu wala ng'ombe. Soko la mafuta yake lilikuwa bado mdomoni mwa washauri. Thamani yoyote ya mche ule ingetokana na bei ya pipa ya miaka ijayo iliyokisiwa mahali fulani, ikapunguzwa kwa riba iliyokisiwa mahali pengine. Kwa mkulima wa mkorosho, ambaye kila msimu anajua kilo moja imelipa ngapi, hiyo ni hadithi.

Watunga viwango wenyewe walirudi nyuma hatua moja. Mwaka 2014 waliamua kwamba mimea izaayo kwa miaka mingi, kama chai na mkonge, ihesabiwe kama mitambo, kwa gharama na uchakavu. Kuanzia Januari 2016 mazao yaliyo juu ya mmea ndiyo yaliyobaki kwenye thamani ya haki. Uamuzi ulikuwa mzuri, ila ulichelewa.

Upande wa pili wa Kisarawe ni wa wanavijiji. Wao pia walipimiwa. Kabla ya Sheria za Ardhi za 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na thamani. Kilicholipwa ni maendelezo, yaani nyumba na mazao. Sheria mpya ziliikubali bei ya soko ya ardhi, zikaongeza posho za usumbufu, usafiri, makazi na faida iliyopotea, pamoja na riba fidia ikicheleweshwa. Hata hivyo wanavijiji walilalamikia fidia na kupotea kwa misitu na vyanzo vya maji walivyovitumia pamoja. Kisima cha wote hakina hati, hivyo ni vigumu kukiona kwenye jedwali. Na ardhi ya kijiji ikishageuzwa kuwa ya jumla ili mwekezaji apewe, haijirudii kijijini mwekezaji anapoondoka.

Hapo kipimo kinaonyesha kwamba bei hufuata haki za anayeuza. Pangani kwenyewe ushahidi upo: shamba la Mitamba, la serikali na lililotengwa kwa mifugo, limekuwa na mgogoro wa miaka na wananchi waliojenga ndani yake. Ekari yenye hati safi na ekari ya ng'ambo ya njia yenye kesi haziwezi kuwa na bei moja, hata kama mihogo yake ni mitamu sawa.

Madeni nayo yana vituko vyake. Kampuni ikiyumba, na deni lake likawa limechaguliwa kupimwa kwa thamani ya haki, deni hilo hushuka bei kwa sababu wadai wamekata tamaa, na kushuka huko huonekana kama pato. Benki kubwa za Marekani zilitangaza mapato ya aina hiyo mwaka 2008, katikati ya moto. Tangu IFRS 9 ianze mwaka 2018, pato hilo kwa kawaida huwekwa nje ya faida ya mwaka.

Wapo watakaosema basi turudi kwenye gharama za kale. Hao wamesahau shilingi. Karakana iliyojengwa mwaka 1975, dola ikiwa haijafika sh. 10, haikuwa na maana yoyote kwenye vitabu vya 1998, dola ikiwa imezidi sh. 600. Mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa, mnunuzi mjanja alikuwa na kila sababu ya kuzipenda tarakimu za aina hiyo. Thamani ya haki yenye maelezo kamili ni bora kuliko usingizi huo.

Maelezo kamili ndiyo yanayokosekana kwa akina yakhe. Muhtasari unaowafikia kupitia magazeti hutoa jumla, na maelezo ya ngazi tatu hubaki kwenye kitabu kinene, kwa Kiingereza, kurasa za mwisho mwisho. NBAA na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji hawahitaji sheria mpya kuwashawishi watoa taarifa waongeze mistari miwili ya Kiswahili: faida ya mwaka bila mabadiliko ya uthamini ni kiasi gani, na mali za ngazi ya tatu ni sehemu gani ya mali zote.

Mikutano mikuu ya wanahisa mingi huangukia Mei na Juni. Mwenye hisa mia moja ana haki ya kusimama kama mwenye milioni. Aulize mthamini ni nani na alikwenda shambani lini, ni viwanja vingapi vya jirani vilivyouzwa kweli mwaka huo, na riba iliyotumika ikipandishwa kwa asilimia mbili, tarakimu ile inabaki ngapi.